Spika ya Solo na Ngazi ya Lamu

Mpiga gitaa wetu wa solo ana boksi lenye spika nne za inchi 12, na juu yake huketisha amplifaya ya wati 100. Boksi peke yake ni kilo 36. Amplifaya nayo inakaribia kilo 20. Mimi napiga ridhimu, na vyombo vyangu vyote, ukiacha gitaa, vinaingia kwenye mkoba wa mgongoni: kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachoiga sauti ya amplifaya na spika yake, waya mbili na shati la kubadilisha. Nachomeka waya kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, basi, nimemaliza. Solo (tumwite hivyo, mwenyewe anapenda) huniita mtu wa redio.

Ukimuuliza kwa nini bado anatembea na boksi lile, atakupa historia. Miaka ya sitini, London, Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, alimwendea Jim Marshall, mtengenezaji wa amplifaya, akataka wati 100 na boksi moja la spika nane, kwa sababu vipaza sauti vya kumbi za siku zile vilimtosha mwimbaji tu, tena kwa shida. Mpiga gitaa alitakiwa aujaze ukumbi mwenyewe. Hapo Solo hufunga macho kwa heshima. Anachokiruka ni kwamba wabebaji wa Townshend walilalamikia migongo yao, na boksi la nane likagawanywa kuwa mawili ya spika nne nne. Yaani hata mtindo wa kupandanisha maboksi ya nne nne umezaliwa na kelele za mahamali.

Siku hizi kazi ya kuujaza ukumbi ni ya fundi wa mitambo. Huweka maikrofoni mbele ya spika moja kati ya zile nne, sauti inakwenda kwenye mikisa, inatoka kwenye spika zake yeye. Zile tatu zilizobaki zimekuja kusindikiza. Nimemwambia Solo hayo mara nyingi. Hunijibu kwamba suruali yake lazima ipepee akipiga noti ya chini.

Sasa kazi ikatokea Lamu. Mtu mmoja wa bara alikuwa amekodi nyumba ya mawe, ndani kabisa mtaani, asherehekee darini kutimiza miaka sitini. Nikamwambia Solo, kaka, kule mitaani hakuna gari. Akasema boksi halihitaji gari, lahitaji wanaume.

Safari ya basi mpaka Mokowe naiacha, aliyeipanda anaijua, na boksi lilisafiri vizuri kuliko sisi. Kwenye boti nahodha alilitazama, akatutoza nauli ya watu wawili, akaliketisha katikati, na abiria wakajibana pembeni.

Gatini Lamu tukamkuta kijana na punda wake. Akalizunguka boksi, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Friji hii?"

"Spika."

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani?" Solo akauliza.

"Ya upande wa pili, ami. Huyu si mkokoteni."

Maana punda wa Lamu hubeba mawe, simiti na mchanga kwa shogi, huku na huku, uzani sawasawa. Boksi halikuingia kwenye shogi, likafungwa kwa kamba ubavuni. Upande wa pili tukaning'iniza amplifaya. Punda akainama kushoto, akatugeuzia shingo, akasimama hivyo hivyo. Kijana hakusema neno. Alikwenda kwenye rundo la wajenzi, akarudi na gunia la mchanga, akawa anapunguza kwa kiganja na kuongeza mpaka mnyama akasimama wima. Kisha akatutajia bei ya punda, bei ya kamba na bei ya mchanga. Sijasikia bendi nyingine iliyoingia Lamu na mchanga wa kukodi.

Tukashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukakunja kwenye vichochoro. Wazee waliokuwa wameketi barazani waliinua miguu kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, tupite, wala mazungumzo yao hayakukatika. Kijana akatushushia mizigo yetu mlangoni, na mchanga wake akaumwaga papo hapo ukutani, akasema ataufuata.

Ngazi ya nyumba ya Lamu lazima uione. Vipandio viko juu, kila kimoja na kimo chake, kuta zimekubana mabega, halafu katikati inakata kona ghafla. Fundi wa mitambo alikuwa ametangulia kupanda na spika zake za kisasa zenye amplifaya ndani, moja kila mkono, huku akipiga mluzi. Boksi la Solo lina sentimita 77 kwa 75. Mahamali wawili wakawa chini wanasukuma, Solo juu anatoa amri.

"Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwetu?"

"Kushoto kwa spika!"

Spika haina kushoto. Kona ya chuma ikang'ata chokaa, unga mweupe ukatumwagikia vichwani, boksi likatoa mlio kama mbuzi, kisha likatulia. Halikwenda juu, halikurudi chini. Hamali mmoja akajifuta uso, akasema, "Ami, limeketi."

Msimamizi wa nyumba alikuja mbio. Akatazama kona ya chuma, akatazama ukuta, akatukumbusha kwamba mji mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo tuliyemkwaruza ni dunia nzima. Nyuma yake mpishi na sinia tatu za biriani ya samaki. Nyuma ya mpishi wageni wamevaa, wamejipulizia marashi, wanatazama juu.

Kilichotuokoa ni wikio. Nyumba ile iliungana na ya jirani kwa chumba kilichovuka juu ya kichochoro, na jirani alikuwa bi mkubwa mmoja ambaye nadhani alikuwa akiingoja siku kama ile. Alifungua mlango wake, akaweka kiti pale pa kuvukia, akaketi.

"Piteni wanangu, viatu mkononi. Yeo nyumba yangu imekuwa ndia ya mui."

Kila mgeni aliulizwa ni wa nani na ametoka wapi. Mwenye siku yake mwenyewe aliulizwa umri, akaambiwa hafanani nao. Sinia za biriani nazo zilisimamishwa, kawa ikafunuliwa, kipande kikaonjwa. Sinia ya tatu ilifika darini imepungua wazi wazi, na mpishi hakuthubutu kulalamika.

Solo alikuwa darini na gitaa lake, boksi lake likiwa chini ya miguu ya watu. Alikuwa amenuna kiasi cha kutotaka hata chai. Fundi wa mitambo akashuka kipande cha ngazi kilichobaki wazi, akachungulia.

"Uso wa spika umetazama juu," akasema. "Kuna tatizo gani?"

Akaiweka amplifaya kwenye kipandio, akasimamisha maikrofoni mbele ya spika moja, akapitisha waya mrefu mpaka kwa Solo. Maikrofoni haiulizi spika imekaa wapi. Solo akapiga noti moja, na kuta zile nene za mawe zikairudisha na mwangwi ambao sijausikia kwenye kiboksi chochote cha kukanyaga, hata changu nilichokilipia kwa miezi. Watu wakageuza shingo. Suruali haikupepea, upepo wa kusi ulifanya kazi hiyo.

Asubuhi seremala aliingia kwa chini, akafungua mgongo wa boksi, akatoa spika moja moja, akang'oa zile kona za chuma, na ganda likateleza lenyewe. Chokaa ya ukuta ilikatwa kwenye malipo yetu. Kijana wa punda naye akaja kuufuata mchanga, akakuta paka wa mtaa mzima wameshautumia usiku kucha. Akaunusa kwa mbali, akasema basi, tumeununua.

Mimi nilijua Solo sasa atakoma, atanunua kiboksi. Juzi tumepata kazi Malindi, hoteli ya ufukweni isiyo na ghorofa hata moja. Nikamsikia anampigia meneja simu, nikadhani anauliza habari za umeme.

"Ngazi mnazo?"

Akaambiwa zipo, za kushukia baharini. Tangu hapo anatafuta waya wa mita hamsini.