Tuhesabu Pale Pale

Bamvu, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, likiwa kali, sehemu kubwa ya Ghuba ya Chwaka hubaki kavu. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4 mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kiasi cha saa nne asubuhi unatembea kwa miguu pale ambapo alasiri ngalawa zitapita. Hapo ndipo nilipojifunzia kazi ya ikolojia ya bahari, kuchunguza viumbe wa bahari na makazi yao. Fremu ya mraba ya bomba la plastiki, nusu mita kila upande, kibao, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Unailaza juu ya majani ya bahari, unainama, unahesabu mashina, unaandika. Kisha unaisogeza hatua tano, unainama tena.

Siku moja bibi aliyekuwa akichokoa pweza alisimama karibu yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wahesabu nini?"

Nikamwambia nahesabu majani. Akayatazama, kisha akanyoosha mchokoo wake kuelekea mkondo. Pale, alisema, enzi za usichana wake kikapu kilijaa kombe na tondo kabla jua halijakaza. Sasa ukipata viganja viwili, ushukuru. Nikamuuliza vilianza kupungua lini.

"Kidogo kidogo. Hatukuona."

Miaka mingi imepita na neno hilo sijalisahau, kwa sababu ndani yake mna sababu yote ya kuwa na mtaalamu wa ikolojia ya bahari. Bibi yule alikuwa na macho makali kuliko yangu, na alijua majina ya vitu ambavyo mimi nilivisoma vitabuni kwa Kilatini. Ila kinachopungua kidogo kidogo hakionekani kwa jicho. Kila kizazi hudhani bahari iliyoikuta ndiyo bahari yenyewe.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka. Tumbawe likizidiwa na joto huwatoa viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyoishi ndani ya mwili wake na kumpa chakula na rangi. Joto lisipopungua mapema, hufa njaa. Mwaka 2016 yakapauka tena. Mwamba wa matumbawe uliokuwa umepimwa kabla ya hapo ndio pekee unaoweza kukuambia kwa hakika nini kimepotea na nini kimerudi. Mwamba ambao hakuna aliyewahi kuupima, huo tunausimulia tu.

Ndiyo maana napinga, tena kwa nguvu, utafiti wetu kuendeshwa kwa miradi ya miaka miwili mitatu. Pweza huishi mwaka mmoja hivi na hukua upesi. Kijiji kikifunga mwamba miezi michache, pweza wasivuliwe, siku ya kufungua mizani inasema yenyewe. Wa Kisiwa Panza kule Pemba wanalijua hilo. Lakini tumbawe lile la duara, kubwa kama mtungi, huongezeka kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Mradi wa miaka mitatu utaona nini hapo? Fedha zikiisha, boti inafungwa na vijana wanatafuta kazi kwenye hoteli. Nilishiriki mradi mmoja ambao daftari zetu zilichukuliwa "zikaingizwe kwenye kompyuta". Hazikurudi. Misimu minne ya kuinama juani, na Chwaka haikubakiwa na hata karatasi moja.

Na hili la kubakiwa na kitu linaniuma zaidi. Kilimo cha mwani kilipoanza upande wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, kiliwapa akina mama fedha zao wenyewe. Baadaye mwani mnene, ule wenye bei, ukaanza kunyauka na kuoza kambani maji ya kina kifupi yalipozidi joto. Akina mama waliona kabla ya mtu yeyote, wakisema maji yanachoma. Dawa ni kuhamia kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea. Mtafiti asiyekaa nao barazani akawasomea matokeo kwa Kiswahili, wakambishia pale anapokosea, kazi yake naiona nusu.

Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapa hapa Unguja tangu 1978, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomi tunao. Ninachokitaka ni fungu dogo la kudumu, la kwetu, la mafuta ya boti na posho ya watu wawili kila kijiji, wapime mahali pale pale kila mwaka, mradi uwepo usiwepo, na nakala ya daftari ibaki kwa sheha, kiongozi wa serikali pale pale kijijini.

Pale bibi alipoelekeza mchokoo wake tumekita nondo ya chuma iwe alama ya mahali pa kupimia. Yeye ametangulia mbele ya haki. Mjukuu wake sasa ndiye anayeshika kibao, mimi nalaza fremu na kumtajia namba. Tunakwenda tena bamvu lijalo.