Miller wa Marekani ni Mjerumani au Mwingereza? Tulipime hili jina

Kama umekulia kijijini unamjua Mzee Mashine. Jina lake la kitambulisho wanalijua wachache, ye ana mashine ya kusaga na basi, ukitumwa na debe la mahindi unaambiwa peleka kwa Mashine, wanae ni watoto wa Mashine, mkewe ni Mama Mashine. Sasa ichukue hiyo picha uipeleke Ujerumani ya miaka ya 1200 na 1300 huko, utoe dizeli uweke gurudumu la maji, hapo ndo anazaliwa bwana Müller. Maana yake msagaji, mwenye kinu, hakuna siri nyingine.

Leo Müller ndo jina la ukoo linaloongoza Ujerumani, wanakadiriwa kuwa kama 700,000, na Uswisi pia ndo namba moja. Wengi wakisikia hivyo wanasema ah, basi wasagaji walikuwa wengi. Mi naona ni kinyume chake. Kijiji kilikuwa na kinu kimoja na wakulima kibao, ukimwita mtu "Mkulima" kijiji kizima kinageuka, ila ukisema msagaji anageuka mtu mmoja tu, na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mmoja wake basi jina likaota kila kona bila hao watu kuwa na undugu wowote. Halafu kinu mara nyingi kilikuwa cha kabaila, wakulima wa eneo lake wanalazimishwa kusaga pale pale, kwa hiyo msagaji kila mtu anamjua na wengi hawampendi, anashukiwa kuchota unga, sehemu nyingine vyama vya mafundi vilikuwa havitaki hata mtoto wake ajiunge. (Na Mzee Mashine wetu kile kipimo chake nacho huwa kina maneno, tusijifanye.)

Ila hiyo namba moja ina mushkeli kidogo. Schmidt, yaani mhunzi, wapo walioandikwa Schmidt, Schmitt, Schmitz na Schmid, na ukiwajumlisha wote wanampita Müller. Maafisa wa serikali walipoanza kusajili vizazi na ndoa Ujerumani nzima mwaka 1876 kila mtu akagandishwa na tahajia yake, Schmidt akagandishiwa vipande vipande, Müller akagandishwa karibu mzima. Kwa hiyo umaarufu mwingine ni wa kalamu tu.

Tuje Marekani sasa, ndo kwenye ubishi. Kwenye sensa ya 2010 Miller ni jina la saba nchi nzima, watu 1,161,437, nyuma kidogo tu ya Garcia. Na Miller ukiliangalia ni Kiingereza safi kabisa. Kwa hiyo kuna wanaosema ni jina la Waingereza na Waskoti waliovuka bahari, mambo ya Wajerumani yanatoka wapi? Hawa hawajakosea kila kitu, maana Uskoti kina Miller na Millar wapo wengi tangu zamani na walihamia kweli. Upande wa pili wanasema hao karibu wote ni kina Müller waliobadilishwa jina.

Hoja inayonivuta upande wa Wajerumani ni hii: England yenyewe Miller haimo hata kumi bora. Msagaji wa Kiingereza wengine waliitwa Milner, wengine Millward, jina likagawanyika. Sasa kama Miller wa Marekani wametoka England inakuwaje mtoto kampita mzazi kwa mbali vile? Smith anaongoza huku na huku, hiyo inaeleweka, ila Miller kapanda akiwa Marekani, na kilichompandisha lazima kilikuwa Marekani. Kilikuwa Pennsylvania. Wajerumani walianza kufika kule 1683 wakaanzisha mji wa Germantown, katikati ya miaka ya 1700 walishajaa hadi Benjamin Franklin akawa analalamika kwa maandishi kwamba koloni la Waingereza linageuka la wageni, na ilipofanyika sensa ya kwanza 1790 walikuwa kama theluthi ya watu wa pale.

Jina lilibadilikaje? Hapa ndo hadithi ya mtaani inaponichosha. Utaambiwa karani wa Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, kashindwa kutamka Müller kaandika Miller, babu wa watu kaingia Müller katoka Miller. Ellis Island imefunguliwa 1892, na Wajerumani mwaka wao wa kufurika kabisa ni 1882, karibu watu 250,000 kwa mwaka mmoja, yaani kundi kubwa lilishapita kabla hicho kisiwa hakijaanza kazi. Isitoshe makarani wa pale walikuwa wanafuata orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli huko huko Ulaya, wala hawakuwa na kazi ya kumpa mtu jina.

Ila karani simtoi hatiani moja kwa moja, maana Philadelphia kuanzia 1727 wanaume wa Kijerumani wakishuka melini walikuwa wanaandikwa na kula kiapo cha utii, na kule kweli Mwingereza alikuwa anaandika anavyosikia. Lakini alisikia nini? Wengi wametoka Pfalz na Württemberg, kusini magharibi mwa Ujerumani, na lahaja za kusini zile hiyo ü haipo mdomoni, inatoka "i" kavu. Mtu mwenyewe alikuwa anajiita Miller! Karani kasikia Miller kaandika Miller, tena kwa lugha yake lina maana ile ile, nani angerekebisha? Ni kama sisi tulivyochukua Schule ikawa shule na Heller ikawa hela, ikishakaa vizuri mdomoni nani anaikumbuka kwao.

Kuna sababu ya vita pia, na hii mi siidharau. Marekani iliingia vita ya kwanza ya dunia Aprili 1917, mwaka mmoja baadae mhamiaji wa Kijerumani anaitwa Robert Prager akanyongwa na kundi la watu Illinois, rubani Rickenbacher akaandika jina lake upya likawa Rickenbacker, na Uingereza mfalme mwenyewe katupa jina la Kijerumani kawa Windsor. Wapo kina Müller waliobadili kwa woga, ni kweli. Lakini mwaka 1917 Miller alishakuwa mkubwa zamani, vita iliongezea tu juu. Na mkuu wa jeshi la Marekani lililoenda kupigana na Wajerumani alikuwa Pershing, ukoo ulioingia ukiitwa Pfoerschin, na vita ya pili alikuwa Eisenhower, ukoo wa Eisenhauer waliofika 1741, jina hata halikufichwa vizuri.

Kitu ambacho pande zote mbili wanakiruka ni kwamba kwenye hao milioni na ushee, kama mmoja kati ya kumi ni Mmarekani mweusi. Wengi wao jina limepita kwenye utumwa, aliyemmiliki babu au jirani wa shamba, sasa hapo ubishi wa Mjerumani au Mwingereza unamsaidia nini? Wapo na Wayahudi wa Ulaya mashariki ambao nao walikuja na Miller yao. Kwa hiyo nikisema nina upande, nasema hivi: wingi wa jina umetoka kwa Wajerumani wa Pennsylvania, mapema, polepole, bila kulazimishwa sana. Ila ukikutana na Miller mmoja barabarani usimwambie ye ni Mjerumani, huwezi jua.

Halafu nenda Holmes County, Ohio, kwa Waamishi, wale Wakristo wa magari ya farasi. Kule Miller ndo jina linaloongoza, limeandikwa Kiingereza kabisa, na nyumbani mpaka leo wanaongea Kijerumani chao cha Pennsylvania. Tena wamekuwa wengi mno kina Miller eneo moja, majina ya kwanza nayo ni yale yale ya Biblia, hadi wanaitana kwa majina ya utani ili ijulikane ni Miller gani, huyu kwa kazi yake, yule kwa jina la babake, mwingine kwa kilema chake.