Gitaa la nyuzi kumi na mbili: shusha sauti kabla ya kununua uzi mnene

Huwa ni uzi ule ule. Mtu akinijia barazani hapa Langoni, Lamu, na gitaa la nyuzi kumi na mbili begani na kipande cha waya kilichojikunja mkononi, sina haja ya kuuliza ni upi uliokatika. Ni ule mwembamba wa jozi ya tatu, wa noti ya G, tunaouita G ndogo. Wiki iliyopita alikuja kijana wa mtaani kwetu, uso umemshuka, akaniambia, “Shikamoo ami. Umekatika tena, wa tatu huu. Nikiagiza safari hii nataka mnene.”

Nilimkaribisha akae nikamtilia kahawa, maana jawabu lake ni refu. Naliandika hapa kwa sababu vijana wenye magitaa haya wanazidi kuongezeka huku kwetu, na karibu wote wanaambiwa maneno yale yale yasiyo sahihi, kwamba uzi mnene haukatiki upesi.

Sisi wa Lamu jozi za nyuzi si kitu kigeni kwetu. Tumekua na udi, na udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja: jozi tano na besi moja iliyo peke yake. Zein l’Abdin, bingwa wa udi na taarabu aliyezaliwa hapa hapa Lamu mwaka 1939, ametufundisha sote kusikiliza jozi zikilia pamoja, hata sisi tusiowahi kuushika udi wenyewe. Lakini jozi za udi ni pacha, nyuzi mbili kwa sauti moja. Gitaa la kumi na mbili lina pacha kwenye jozi mbili tu, E ya kwanza na B. Zile nne zilizobaki, G, D, A na E ya besi, kila uzi mnene umewekewa mwembamba unaolia noti ya jina hilo hilo ngazi nane juu, yaani oktava moja. Huko ndiko kunakotoka ule mng’aro unaomfanya mtu asimame njiani kusikiliza. Na huko ndiko yanakotoka mashaka yote, kwa sababu G ile ndogo inapanda juu kuliko hata E ya kwanza. Ndiyo sauti ya juu kabisa kwenye gitaa zima, nayo inadaiwa kwa waya wa inchi 0.008 au 0.009. Wapigaji husema tu “nane” na “tisa”.

Sasa, kwa nini uzi mnene haumsaidii kijana wangu? Chuma kikiwa cha urefu ule ule, ukitaka kitoe sauti ile ile, kadiri unavyoongeza unene ndivyo unavyolazimika kuongeza mvuto, na nguvu ya uzi na mvuto wake vinaongezeka kwa kiwango kimoja. Hesabu yake ni kama kuongeza punda wa pili kisha ukampakia na mzigo wa pili: yule punda wa kwanza bado amebeba mzigo wake mzima. Waya wa tisa uliovutwa mpaka G una uzito ule ule kwa kila chembe ya chuma chake kama waya wa nane. Ukiweka kumi, uso wa gitaa ndio unaozidishiwa adhabu, na uzi wenyewe hujaupunguzia kitu.

Yanayoupa uzi nafuu ni mawili: urefu wa gitaa, ambao huwezi kuubadilisha, na sauti unayoidai, ambayo iko mikononi mwako. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nitaushikilia mbele ya mpigaji yeyote, ni huu: lishushe gitaa zima sauti moja kamili. E iwe D, A iwe G, na ile G ndogo iwe F. Mvuto wa kila uzi utapungua karibu sehemu moja kati ya tano. Ukitaka kupiga na wenzako walio kwenye sauti ya kawaida, funga kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye freti ya pili, ule mstari wa pili wa chuma shingoni, umefika. Tafuta kapo yenye mpira unaokubali unene tofauti, uikaze karibu kabisa na freti, vinginevyo nyuzi nyembamba zitabaki zikinong’ona chini ya zile nene.

Kuna wanaosema gitaa lililoshushwa limepoteza utamu wake. Sikubaliani nao hata kidogo. Utamu wa kumi na mbili uko kwenye oktava mbili zinazogongana, na oktava hazipotei ukishuka. Tena katika taarabu yetu ni nani asiyejua kwamba ala hufuata koo la mwimbaji? Mtu akiimbia D yake kwa raha, kwa nini umpandishe kwa sababu ya mazoea ya kiwandani?

Nieleze na hesabu ya uzito, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwa machungu. Gitaa la nyuzi sita lenye seti ya 12 hadi 53, yaani unene wa E ya kwanza hadi E ya besi kwa sehemu za elfu za inchi, huvutwa kwa kilo 73 hivi. La kumi na mbili lenye seti nyepesi, 10 hadi 47, likiwa kwenye sauti ya kawaida, linavutwa kwa zaidi ya kilo 110. Uzito wa mtu mnene umening’inia kwenye kipande cha mbao kilichogundishwa, mchana na usiku. Ukishusha sauti moja, unabaki na kilo 90 hivi. Zile kilo ishirini na kitu ndizo zinazoamua kama daraja, yaani kipande hicho kinachoshika nyuzi, litadumu mahali pake.

Gitaa langu la kwanza la kumi na mbili nililifikisha hapa likiwa halina nyuzi. Muuzaji wa duka moja huko Mombasa aliniambia hakuna tofauti, chukua pakiti mbili za gitaa la kawaida, sita na sita ni kumi na mbili. Nikamwamini. Nilipachika kila jozi pacha, unene wa 12 hadi 53, nikapandisha mpaka sauti ya kawaida. Hilo ni gitaa lililobeba karibu kilo 146. Lilitoa sauti nzito isiyo na mng’aro wowote, nami nikadhani ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kufika wiki ya tatu, katikati ya masika, nilisikia mlio kama tawi linavunjika chumbani. Daraja lilikuwa limebanduka na ngozi ya mbao. Seremala wetu anayechonga milango akalitazama, akalipapasa kama anapapasa mgonjwa, akasema mbao hii imekunywa maji na imevutwa kupita kiasi. Alilirudisha daraja, lakini uso ule haukukaa sawa tena.

Imekunywa maji. Wauzaji wa bara hawalifikirii hilo. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, na mvua za masika zikija na kusi, mbao huvimba, uso wa gitaa hutuna nyuma ya daraja, nyuzi zikainuka juu ya shingo mpaka vidole viumie. Gitaa ambalo Nairobi lingestahimili kwa miaka, Lamu litakuonyesha udhaifu wake kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo nyuzi ninazozinunua mimi ni seti nyepesi ya kumi na mbili, 10 hadi 47, kama EJ38 ya D’Addario, nami nazishusha hadi D. Ile nyepesi zaidi, 9 hadi 45, nampa mwenye gitaa la zamani au anayeng’ang’ania sauti ya kawaida. Ukiishusha hiyo nyuzi hulegea, na besi huanza kugonga freti. Seti nene ni za mtu anayeshuka mbali zaidi, hadi C au B. Lead Belly, yule bingwa wa Marekani aliyelifanya gitaa la kumi na mbili lijulikane, alilishusha lake chini sana, ndiyo maana besi zake zinatembea kama tembo. Wanaomsikia hutamani unene wa nyuzi zake wakasahau kuteremka naye.

Kuhusu madini sitakaa sana. Zile zinazoitwa 80/20 ni shaba 80 na zinki 20 kwa mia: zinalia kwa ukali mtamu siku za mwanzo kisha hufifia upesi. Fosfa bronzi, shaba yenye bati kidogo na chembe ya fosforasi, ina sauti ya joto zaidi na hudumu. Nachagua fosfa bronzi. Kitu kikubwa kwa mtu wa pwani ni utando. Kuna nyuzi zilizofunikwa utando mwembamba sana, kama za Elixir, na bei yake inauma. Kwa mtu wa bara nisingemhimiza. Kwa mtu wa Lamu namhimiza bila kusita. Chumvi ya bahari na jasho la vidole huanza na zile nyembamba zisizozungushiwa, ukazikuta na madoa meusi ya kutu. Nyumbani kwangu, ambako dirisha linatazama maji, seti ya kawaida hunipa wiki tatu. Yenye utando imenifikisha miezi mitatu na zaidi. Ukihesabu kwamba kubadilisha nyuzi kumi na mbili kunakula karibu saa nzima, na kwamba pakiti inatoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe kisha ivuke kwa boti, bei ile inakuwa nyepesi. Hata hivyo futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Na hili wengi hawalijui: G ndogo ikikatika huhitaji seti nzima. Uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, seti ya tisa, ni waya ule ule mtupu wenye kile kikombe kidogo mwishoni. Wapigaji wa bendi za hoteli huwa nazo za akiba. Kabla ya kuupachika, kagua kijumba chake, ule mfereji mdogo unamopita pale kichwani. Kikiwa kinaubana, au kina ncha kali, utakatika hata ukiwa F. Mimi husugua risasi ya penseli mle ndani ili uzi upite bila kukwaruzika.

Ndivyo tulivyofanya kwa yule kijana. Hakuagiza uzi mnene. Alikwenda kuomba tisa moja kwa rafiki yake wa bendi, tukalishusha gitaa lote jozi baada ya jozi, polepole, kuanzia besi, tukarudia mara tatu kwa sababu shingo ilikuwa inarudi nyuma kila mvuto unapopungua. Alipopiga mara ya kwanza alinyamaza, akapiga tena, akatazama vidole vyake. “Ami, limekuwa laini,” akasema. Jana nimemsikia akipiga darini kwao baada ya Isha, na G ndogo bado inalia. Daraja lake limeanza kuachana na uso upande wa besi, nafasi ya kupita karatasi moja. Jumamosi tutampelekea seremala.