Masharubu Yaliyofuka Moshi

Pamba na supagluu havipatani. Nililijua hilo Jumamosi moja, saa nne kasoro robo asubuhi, nikiwa nimejifungia kwenye choo cha shule moja hapa Tanga, kioo cha kuazima mkononi, na chini ya pua yangu kunafuka moshi.

Moshi kweli, si wa kusema. Mwembamba, mweupe, unawasha macho.

Nilikuwa pale kwa ajili ya usaili. Kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, Ngamiani, kilikuwa kinatafuta watu 9 wa kichekesho kipya: mzee mwenye nyumba, bahili wa kutupwa, mkewe, wapangaji watano, mjumbe, na kishoka wa umeme (fundi asiye rasmi). Nyumba nzima ina mita moja ya LUKU, ile ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Hakuna anayelipwa kwenye kikundi hiki. Waigizaji ni walimu, mafundi cherehani, dereva mmoja wa daladala. Ujira ni juisi ya ukwaju baada ya mazoezi, na nauli kama unakaa mbali.

Tangazo lilibandikwa kwa kinyozi, na lilikuwa wazi kabisa. Njoo na kipande cha dakika 2 ulichokikariri. Vaa nguo usizoogopa kukaa nazo chini. Ujaze fomu: simu, kimo, siku usizoweza kufika mazoezini (wanaodanganya hapa hupewa nafasi, halafu hunyang'anywa wiki ya tatu). Na mwisho, kwa herufi kubwa: USIJE NA MALEBA, yaani mavazi na mapambo ya kuigizia.

Sababu ya sharti hilo ninaijua vizuri sasa. Msaili anataka kuuona uso. Kanzu na bakora vinaigiza kwa niaba yako, na siku utakapovuliwa inaonekana hukuwahi kuwepo. Halafu kuna hesabu ya saa: tulikuwa watu 43, kila mmoja dakika 5, hizo ni dakika 215, yaani zaidi ya saa tatu na nusu bila mtu kwenda hata kunywa maji. Kila anayefungasha kilemba mlangoni anawalia wenzake muda.

Mimi nililisoma sharti nikaona linawahusu wengine. Nilitaka nafasi ya mzee, nina miaka 34, na sura yangu ni ya mtoto wa kidato cha nne aliyefukuzwa ada. Bila masharubu, mzee gani?

Isitoshe, nilikuwa na hofu ya kufanana na wenzangu. Tanga ni mji wa mchekeshaji King Majuto. Marehemu, jina lake halisi Amri Athumani, ametuacha tangu 2018, lakini ukiitisha usaili wa kichekesho hapa atafufuliwa mara kumi kabla ya adhuhuri. Nilipokuwa kwenye foleni nilihesabu: katika watu 13 walionitangulia, 7 waliingia na sauti yake. Nilisikia mwongozaji, mama mmoja mwalimu mstaafu, akiwaambia kwa upole, "Wanangu, huyo tulikuwa naye. Nileteeni mtu nisiyemjua."

Ndiyo nikazidi kuyapenda masharubu yangu.

Nilikuwa nimeyatengeneza usiku: pamba ya dukani, nimeichambua, nikaikata kama yai la kuku na kuipaka majivu kidogo iwe na mvi. Kazi safi. Tatizo lilikuwa namna ya kuyabandika. Nilijaribu gundi ya karatasi, ikadondoka nikisema "shikamoo". Nikajaribu uji wa ngano, nikafuatwa na nzi. Asubuhi ile, zamu yangu ikiwa imekaribia, nikatoa mfukoni kitubu cha supagluu cha gramu 3, kile kile kilichoziba soli ya kiatu changu. Nilijiambia: ikiwa inashika soli, itashindwa na pamba?

Tone la kwanza kushoto, la pili kulia. Nikaona pamba inanyonya tu, nikaongeza. Nafikiri yalifika sita. Nikabandika, nikabana kwa vidole viwili, nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika nne nilihisi kama mtu ameweka sufuria ya chai juu ya mdomo wangu.

Kikundini tuna mwalimu wa kemia, na alinieleza baadaye kwa furaha ambayo sikuipenda. Gundi ile haisubiri upepo kama gundi ya maji. Inagandishwa na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani na kwenye ngozi, ndiyo maana vidole hushikana kabla hujajua. Sasa pamba ni nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu. Gundi ikizama humo inatawanyika kwenye nyuzi zote na kuganda yote kwa mpigo mmoja, na kuganda huko kunatoa joto. Tone moja kwenye soli husikii kitu. Matone sita kwenye bonge la pamba, umewasha jiko, na inaunguza ngozi vizuri tu.

Nikayang'oa. Upande wa kulia ulitoka, pamoja na vinyweleo vyangu vichache vya halali. Upande wa kushoto ukagoma. Kwa uchungu nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye uchungu hufanya: nikaibana midomo. Gundi iliyokuwa imechuruzika pembeni mwa mdomo ilikuwa inaningojea nifanye hivyo hivyo. Nilipotaka kupiga kelele, theluthi moja ya mdomo, upande wa kushoto, ilibaki imefungwa kama bahasha.

"Namba 14!"

Ukiingia kwenye usaili kuna taratibu. Sakafuni wamebandika alama ya msalaba kwa utepe. Simama juu yake, maana ndipo mwanga ulipo. Taja namba na jina lako kwa sauti yako ya kawaida, nyamaza pumzi moja, ndipo uanze. Usiwakodolee macho wasaili. Tazama juu kidogo ya vichwa vyao, wao wana kazi ya kuandika na hawataki kugeuzwa wahusika wako.

Nikasimama kwenye msalaba, nusu sharubu usoni, nikasema namba yangu.

"Nombo kumi no nne."

Kumbe ukizibwa mdomo upande mmoja, herufi inayokufa ya kwanza ni a, kwa sababu a ndiyo inayotaka mdomo uachame. Na Kiswahili, jamani, chote ni a. Hebu hesabu mwenyewe kwenye "watazamaji".

Wakacheka. Mimi nikanyamaza. Na hapa nilisifiwa kwa jambo ambalo sikulifanya. Wanaoanza kuchekesha wana ugonjwa mmoja: kicheko kikipanda, wanasema juu yake. Watu wanakatiza kicheko ili wasikie neno linalofuata, na mara ya pili hawacheki tena, wanaogopa kupitwa. Inatakiwa usubiri kicheko kipande, kifike kileleni, kianze kushuka. Kikivuka nusu ya mteremko, hapo ndipo unatupia neno. Ukingoja hadi kimya kabisa umechelewa, lazima uanze upya kuwasha moto. Mimi nilisubiri kwa usahihi wa saa ya ukutani kwa sababu nilikuwa navuta hewa kwa tundu moja la pua, la pili likiwa na pamba.

Kipande changu kilikuwa cha mzee akikagua mita. Nilikifanya chote. "Jono yuniti ishirini, leo mbili. Noni omekulo kumi no none?" Mama mwongozaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baada ya kipande hufuata kusoma. Unapewa ukurasa mmoja usiowahi kuuona pamoja na mwenzako, mnasoma papo hapo. Karatasi ishike usawa wa kifua, si usoni. Kidole gumba kitembee pembeni kwenye mstari uliopo, ili ukiinua macho kumtazama mwenzako ujue pa kurudi. Usikariri, sikiliza. Mwenzangu alikuwa namba 15, kijana wa Chumbageni, mrefu, mpole, anasoma mpangaji.

"Mzee wangu, pasi ni ya mama watoto. Mimi nguo zangu nazikung'uta tu."

"Posi! Posi kwenye nyumbo yongu!"

Kijana akashindwa. Akajifunika uso kwa karatasi, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka, na si kwa nidhamu: kila nikitaka kutabasamu, ngozi ilikuwa inavutika hadi machozi yananilenga. Nikasimama pale nimekasirika, nina hadhi, nusu sharubu linaning'inia. Wasaili watatu wamelala juu ya meza.

"Huo mdomo umeutoa wapi, mwanangu?" mama akauliza.

Hapo ndipo ningesema kweli.

"Nyumboni, mwolimu."

Akaandika mstari mzima.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja saluni ya jirani. Dada wa saluni akaniangalia, akaniketisha, na mkono wake ukaenda kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Akajizuia mwenyewe: hiyo ni ya kucha na vidole, haisogezwi mdomoni wala karibu na macho. Akaleta maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akaloweka kitambaa, nikakibana mdomoni dakika kumi. Kisha mafuta ya nazi kwa kijiti cha pamba, taratibu, kwenye ukingo wa pale paliposhikana, huku akiiviringisha midomo kwa kidole, ndani, nje. Kuvuta ni mwiko. Ukivuta, kinachoachia si gundi, ni ngozi. Ilichukua dakika 40. Lile sharubu alilikata kwa mkasi hadi likabaki vumbi, lililobaki likabanduka lenyewe baada ya siku tatu, na chini yake palikuwa na lengelenge saizi ya punje ya mahindi.

"Kaka, mbona gundi ya kope ipo?" akasema, akinionyesha kichupa kidogo. "Wanayobandikia kope za bandia. Inashika saa nyingi, inatoka kwa mafuta. Unaijaribu kwanza mkononi usiku, ukiona haiwashi, kesho unapaka." Kilikuwa mbele yangu muda wote, mita mia moja kutoka kile choo.

Jumatano wakaita watu 12 kurudi, nami nikiwemo. Mzunguko wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Wanawachanganya, huyu na yule, tukio lile lile mnalifanya haraka, mnalifanya kwa kunong'ona, wanataka kuona kama unaelekezeka. Mdomo wangu ulikuwa umepona.

"Fanya ule mdomo," mama akasema.

Nikaupindisha. Kimya. Nikaupindisha zaidi. Mtu akakohoa. Nikasema "posi" kwa nguvu zote na msaidizi akaangalia simu yake.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siku ile nilikuwa najitahidi kusema vizuri, mdomo ndio ulikuwa unakataa. Jumatano nilikuwa najitahidi kusema vibaya. Ni kama kumwigiza mlevi: ukiyumba makusudi huchekeshi mtu, kwa sababu mlevi halisi hayumbi kwa kutaka, anajaribu kutembea wima kuliko watu wote barabarani.

Namba 15 akainua mkono. "Mwalimu, naweza kujaribu?"

Siku ile alisimama hatua moja kutoka kwangu, akaona kila kitu. Alilibana shavu la kushoto kwa ndani, akaling'ata kwa magego, halafu akajitahidi, masikini, akajitahidi kwa heshima zote kusema sawasawa: "Noni omekulo?" Watu wakaanguka. Mji mzima unamwiga Majuto, yeye akaja kuniiga mimi, na akapata nafasi ya mzee.

Mimi nikafanywa mkumbushaji.

Kazi yenyewe usiidharau. Unakaa nyuma ya pazia na muswada na tochi ndogo iliyofunikwa karatasi nyekundu. Wakati wa mazoezi unatia alama kwa penseli kila mahali mwigizaji anaponyamaza makusudi, la sivyo utamkumbusha mtu ambaye hajasahau na kumuua kicheko chake. Na mtu akisahau kweli, usimsomee sentensi nzima kama imamu. Neno moja, mengi mawili. Kinywa kitaokota mengine.

Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa, watoto sakafuni. Mzee alitakiwa kuingia kwa mlango wa kulia, kulia kwa mwigizaji anayewatazama watu, amekasirika, ameshika mita ya mbao. Dakika moja kabla, Namba 15 akanijia, masharubu yamekaa vizuri (gundi ya kope, nilimbandika mwenyewe), macho yamemtoka.

"Kaka, nimesahau. Naingiaje?"

Nikaifuata kanuni. Nikamnong'oneza neno moja.

"Kulia."

Akanitazama kwa mshangao, akameza mate, akaingia akilia. Akilia kwa kwikwi, akiikumbatia mita ya LUKU kama maiti ya mtoto. "Noni... noni omekulo..." Mke wake jukwaani, ambaye alikuwa amejiandaa kugombezwa, akabaki mdomo wazi, kisha akavua kanga moja akamfuta kamasi. Ukumbi ulipiga makofi hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Mama mwongozaji alikuja nyuma ya pazia wakati wa mapumziko. Nikajiandaa kujieleza.

"Kile kilio," akasema, "kibaki."

Nikafungua muswada ukurasa wa kwanza, nikafuta "anaingia kwa hasira", nikaandika kwa penseli: analia.