Ujumuishi Uanzie Kwenye Bureti

Elimu jumuishi ikitajwa vyuoni, mazungumzo huishia kwenye njia za viti vya magurudumu na ukubwa wa maandishi kwenye slaidi. Hayo ni ya lazima, wala siyabezi. Ila katika kemia ya mazingira, kinachomtenga mwanafunzi mara nyingi kimo ndani ya zoezi lenyewe, lile tulilolirithi bila kulihoji.

Chukua upimaji wa alkalini ya maji ya mto, yaani uwezo wa maji hayo kuhimili asidi. Mwanafunzi anadondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo na koki, huku macho yameganda kwenye flaski, akisubiri methili oranji, kiashiria kinachobadili rangi asidi ikizidi, iache unjano na kuanza kuiva wekundu. Mwenye upofu wa rangi afanyeje? Na hawa si wachache: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban 1 kati ya 12. Atapitiliza, jibu litakuwa kubwa mno, nasi tutaandika pembeni kwa wino: "ongeza umakini".

Tumbukiza elektrodi ya pH, kifaa kinachoonyesha ukali wa asidi kwa namba, kwenye flaski hiyohiyo. Sasa kila mmoja anasoma namba baada ya kila tone, anachora mchoro, anatafuta pale pH inapoporomoka, karibu na 4.5. Asiyeona anaweza kusomewa namba kwa sauti. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba darasa zima linaona bikaboneti iliyoyeyuka majini ikipambana na asidi, pH ikishuka kwa kusitasita kabla ya kuanguka ghafla. Rangi ilituambia tu kwamba mambo yamekwisha. Ndiyo, elektrodi zinahitaji kusawazishwa kila mara na huvunjika, basi iwe moja kwa kila kundi.

Makundi nayo yana mtego wake. Tukienda mtoni, asiyeweza kuteremka ukingoni hupewa daftari, na muhula unaisha akiwa karani wa wenzake. Kwa nini tusichukulie sampuli darajani, kwa chombo kilichofungwa kamba? Ni njia inayokubalika, tena mara nyingi huwafikisha kwenye maji ya katikati yanayotiririka vizuri kuliko yale yaliyotuama kando.

Wapo wanaosema tunashusha viwango. Mimi nawauliza wanapima nini. Kama lengo ni mwanafunzi aelewe kwa nini maji yanahimili asidi, sioni jicho kali la kutofautisha rangi linaingiaje kwenye alama.

Kuna pia suala la mifano. Nikifundisha madini ya risasi, natumia Flint, Marekani, ambako mwaka 2014 mji ulianza kutumia maji ya mto bila kuongeza fosfati ya kuzuia kutu, na risasi ikavuja kutoka kwenye mabomba. Wakazi walilalamika mapema. Wakuu wakasisitiza maji ni salama. Simwombi mwanafunzi aliyekulia penye uchafuzi atoe ushuhuda mbele ya darasa, maana hakuja chuoni kuwa kielelezo. Nawauliza wote: ukifungulia bomba kwanza maji yamwagike, kisha urudi baadaye kuchukua sampuli, kiwango cha risasi kitasomeka vipi? Flint wakazi walielekezwa kufanya hivyo, na risasi ikaonekana ndogo kuliko ile waliyokuwa wakiinywa. Hapo aliyewahi kuishi na mabomba chakavu huwa na mengi ya kusema, akipenda mwenyewe.