Mtaalamu wa Usemi Anapobisha Hodi

Mhitimu wa tiba ya usemi na lugha hapa Dar es Salaam hakawii kukutana na swali hili: abaki hospitalini, au ajiajiri awafuate wagonjwa majumbani? Fani yenyewe bado changa katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuifundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili hapa Dar es Salaam, kikaja baadaye na shahada inayounganisha usikivu na usemi. Wataalamu ni wachache mno ukiwalinganisha na watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo au kigugumizi, na wazee waliopatwa na kiharusi. Ndiyo maana vijana hawa huambiwa: nendeni majumbani, huko ndiko kwenye wagonjwa na huko ndiko kwenye fedha. La wagonjwa nalikubali kwa moyo wote. La fedha linanitia wasiwasi.

Usemi unaishi nyumbani. Mtoto wa miaka mitatu akiingizwa katika chumba asichokijua, mbele ya mtu asiyemjua, na kuonyeshwa picha ya vitu ambavyo hajapata kuviona, ukimya wake hautuambii lolote kuhusu lugha yake. Kwao, anapovuta kanga ya dada wa kazi akitaka uji, tayari anawasiliana, na mtaalamu ana pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo hospitali hulificha. Vipimo vingi vya lugha vinavyotumika duniani vilitungwa kwa watoto wanaozungumza Kiingereza, na Kiingereza hakina ngeli. Mtoto wa Nairobi akisema "kiti imevunjika" huenda anasema kama mtaa wake wote unavyosema. Mtoto wa Unguja akiendelea kusema hivyo akiwa na miaka sita, hapo kuna la kufuatilia. Vivyo hivyo kwa anayesema "kurara" badala ya "kulala", au "zahabu" badala ya "dhahabu". Ukiketi sebuleni ukamsikia mama na bibi wakitamka vilevile, unajua kwamba hayo ni mazungumzo ya nyumba, hayahitaji tiba. Kumtibu mtoto lafudhi ya wazazi wake ni kumwonea, na asiyefika nyumbani anaweza kufanya kosa hilo bila kujua.

Na bibi mwenyewe! Mara nyingi ndiye mwenye kauli. Mtoto akichelewa kuongea, husema ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akakatwe. Ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua unyonyaji au baadhi ya sauti, lakini haumzuii mtoto kuanza kuongea. Maelezo hayo yakiishia kwa mama kliniki, hayafiki kwa bibi. Lazima mtu akae naye mkekani, amsikilize kwanza, kisha amweleze kwa heshima.

Kwa wazee hoja hii ina nguvu zaidi. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno na bado kikamwachia yale yaliyozoeleka ulimini: kuhesabu, sala, nyimbo, maamkizi. Mzee anayeshindwa kutaja jina la mwanawe anaweza kuitikia "marahaba" bila kusita mjukuu anapomwamkia. Neno hilo moja ni mlango, na linapatikana barazani kwake kuliko wodini, ambako anaulizwa maswali na watu wenye haraka.

Sasa upande wa pili, ambao wanaowahimiza vijana wajiajiri huupita upesi. Mtaalamu aliye kliniki anaweza kuona watu saba kwa siku. Akitoka Mbezi kwenda Mbagala kisha Tegeta, kwa foleni zetu, akiona watatu ameshukuru. Bei ya saa moja lazima ibebe na barabara. Na kwa kuwa familia nyingi hulipa kutoka mfukoni, huduma hiyo inaishia Masaki na Mikocheni kwa wenye nacho, huku mama wa Mbagala akiendelea kumbeba mgongoni mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Anayehitaji zaidi kufuatwa nyumbani ndiye asiyefuatwa. Hili linaniumiza, na sioni jinsi soko peke yake litakavyolirekebisha. Marekani watoto walio chini ya miaka mitatu hufuatwa majumbani kwa sababu kuna mpango wa kisheria, ulioanzishwa mwaka 1986, unaotoa huduma hiyo kwa fedha za umma.

Hatari nyingine ni ya kitaalamu. Kazi hii inagusa pia umezaji. Kuna wagonjwa ambao chakula huingia njia ya hewa bila wao kukohoa hata kidogo. Kwa macho huwezi kuliona, linahitaji vipimo vya hospitali. Kijana aliyehitimu juzi, akiwa peke yake na kijiko cha uji mkononi na familia nzima imemzunguka ikitarajia mzee ale, yuko mahali pagumu. Kwa hili sina kigugumizi: mhitimu asianze na majumba. Aanze wodini, chini ya mkubwa wake, miaka miwili walau. Usalama wa mabinti wanaoingia nyumba za watu wasiowajua nao ni sababu ya kutosha.

Lakini linalonifikirisha zaidi ni kile kinachouzwa. Tumezoea kuuza saa: mtaalamu anakuja, anacheza na mtoto, anaondoka. Kuna tiba ya kigugumizi kwa watoto wadogo, iliyobuniwa Sydney na kuitwa Lidcombe, ambayo mzazi ndiye anayeifanya kila siku nyumbani, na mtaalamu humwongoza kwa kukutana naye mara moja kwa wiki. Mfano huo unatuhusu sana. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na mtoto akishawekewa, kujifunza kusikia na kuongea huchukua miaka. Aliyerudi Kigoma hatapata mtaalamu wa kumfuata kila wiki. Atakuwa na mama yake.

Wazazi wengine hukataa, nao wana haki ya kusikilizwa. Mama anayefika nyumbani saa tatu usiku akiambiwa yeye ndiye mtibabu, anaona ametwishwa mzigo na ada juu yake. Basi anafundishwa dada wa kazi, ambaye hushinda na mtoto. Dada anashika vizuri, mtoto anaanza kutaja vitu, kisha Desemba dada anaenda kwao na harudi. Kazi inaanza upya.

Hata hivyo naona njia ni hiyo: ziara chache, zinazomfundisha zaidi ya mtu mmoja nyumbani, kwa bei ya kifurushi badala ya saa. Mtaalamu atapata pungufu kwa kila familia, lakini atafikia familia nyingi zaidi, na zilizo mbali na Masaki. Abaki na siku tatu za hospitali kwa wiki ili asipoteze wenzake wala mshahara wa uhakika. Na akibisha hodi mara ya kwanza, kabla hajatoa picha zake mkobani, aulize mtoto hushinda na nani, kisha aombe huyo naye aje aketi.