Maonyo Mawili ya Bure

Kila inapotoka gemu mpya yenye picha ya kiongozi ukutani, kamera kila kona na askari waliofunika nyuso, wasomaji wa riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii zinazokandamizwa na dola, huguna. Lawama yao ni ileile: gemu zimevaa nguo za Zamyatin, Huxley na Orwell, ila ndani hamna mtu. Katika riwaya hizo, anayethubutu kusimama mbele ya dola husagwa. D-503 wa We ya Zamyatin anapasuliwa ili kuondolewa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. John wa Brave New World ya Huxley anajinyonga. Winston Smith wa 1984 ya Orwell anaishia kumpenda Kaka Mkubwa, mtawala wa dola iliyomtesa, na hapo ndipo msomaji anapofunga kitabu akiwa na baridi mwilini. Mhusika wa gemu hupewa bunduki, na kabla ya usiku kuingia udikteta umeshakwisha.

Lawama hii siipuuzi. Half-Life 2 ya 2004 inafungua kwa namna ambayo mwandishi yeyote angeitamani. Unashuka treni katika mji unaoitwa City 17, askari analiangusha kopo kwa makusudi, kisha anakuamuru uliokote ulitie kwenye pipa la taka. Ukitii, anakuachia njia. Ukimrushia, unakula kirungu. Hakuna hotuba wala bango linalokueleza unaishi chini ya utawala gani, kopo limeshakwambia. Lakini hujakaa vizuri umeshapewa mtaimbo, halafu bastola, na mateso yote ya mji ule yanageuka kuwa uwanja wa kulenga shabaha.

Mfano unaoniuma zaidi ni BioShock ya 2007, kwa sababu ndio gemu ambayo watetezi wa gemu huitaja kwanza. Mbunifu wake Ken Levine na wenzake walijenga Rapture, mji chini ya bahari ulioanzishwa na tajiri aliyeyachukua mawazo ya mwandishi Ayn Rand kwa uzito wake wote: kila mtu na chake, serikali ikae pembeni, huruma ni udhaifu. Ndani yake kuna mabinti wadogo waliobebeshwa ADAM, kitu kinachokupa nguvu zisizo za kawaida. Unapomkamata mmoja unachagua: umnyonye chote afe, au umponye na uambulie kidogo. Jaribu lenyewe hasa la Rapture.

Sasa piga hesabu. Binti mmoja akifa unapata ADAM 160. Akipona unapata 80. Mpaka hapo dhambi inalipa maradufu. Ila kila ukiponya watatu, unaletewa zawadi ya shukrani yenye 200 ndani yake. Kwa hiyo watatu waliokufa ni 480, na watatu waliopona ni 240 ukiongeza 200, yaani 440. Tofauti ni 40. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa nikitumaini nimekosea. Na kwa kuwa zawadi zile huja na vitu vingine mbali na ADAM, mwenye roho nzuri huenda asihisi upungufu wowote. Mji uliojengwa juu ya imani kwamba wema ni hasara unamlipa mwema mshahara karibu sawa na muuaji, tena kwa asante. Wakosoaji wakisema gemu inaogopa kumwacha mchezaji aumie, namba hizi ziko upande wao.

Pamoja na hayo, gemu hiyohiyo ina tukio moja ambalo halingewezekana kwenye karatasi. Katikati ya safari unagundua kwamba sauti ya redio iliyokuongoza tangu mwanzo, ikitanguliza kila ombi na maneno ya adabu, mfano wa "kwa hisani yako", haikuwa ikikuomba. Maneno yale yalipandikizwa kichwani mwa mhusika wako, na akiyasikia hana hiari. Wewe uliyeshika vidhibiti ulitii kwa sababu nyingine: uliambiwa nenda, ukaenda, kwa kuwa ndivyo gemu huchezwa. Nadhani wakosoaji wanapita hapa haraka mno. Gemu ni kifaa cha kuagiza na kutii, na mwandishi wa distopia hajawahi kuwa na kifaa kilichokaa karibu zaidi na mada yake.

Aliyekielewa kifaa hicho kuliko wote ni Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, aliyeitengeneza Papers, Please karibu peke yake na kuitoa 2013. Ni Novemba 1982 katika nchi ya kubuni, Arstotzka. Umeshinda bahati nasibu ya ajira na kupangiwa kibanda cha ukaguzi mpakani. Mtu anasogea dirishani, anaweka pasipoti mezani, unalinganisha picha na uso, jina na jina, tarehe na kalenda, unagonga mhuri wa kijani au mwekundu. Mwingine. Kila aliyeshughulikiwa bila kosa ni krediti 5. Jioni inakuja orodha: kodi, chakula, joto la nyumba. Kwako kuna mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba. Kanuni zinaongezeka asubuhi hata asubuhi, na saa haikungoji.

Siku ya tano anakuja mwanamume ambaye karatasi zake hazina doa. Anapoondoka anakuomba umtendee wema mkewe, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika. Kibali cha kuingia hana, walikataa kumpa, na akirudishwa alikotoka atauawa.

Ukikosea, mashine iliyo kando yako inatema karatasi ya makosa papo hapo. Lakini makosa mawili ya kwanza ya kila siku ni maonyo tu, makato yanaanza la tatu. Wengi huyaona maonyo haya mawili kama ulegevu wa kumsaidia anayejifunza. Mimi naona ndiyo wazo kali kuliko yote katika gemu nzima. Dola ya Arstotzka haikukatazi huruma. Inakupimia, mara mbili kwa siku. Na karatasi ya kosa la huruma haina tofauti na ya kosa la uzembe, zote zinatoka mashine moja. Ndiyo maana baada ya siku chache unajikuta ukiyalinda maonyo yako kama akiba. Mtu anasihi asubuhi na mapema, nawe, badala ya kumsikiliza, unajiuliza kama mchana hatatokea mwenye shida kubwa zaidi. Mara ya kwanza kucheza, mke yule alinikuta nimeshamaliza yote mawili, kwa tarehe zilizopitwa ambazo sikuziona. Nilimgongea mwekundu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Ilikuwa krediti 5, na kwangu kulikuwa na baridi.

Wanaosema gemu zimeiacha roho ya Orwell wangerudi kukisoma tena kitabu chake, hasa kurasa za ofisini. Winston ni karani. Kazi yake katika Wizara ya Ukweli ni kuandika upya magazeti ya zamani yalingane na wanachokisema wakubwa leo, na kitabu kinatamka wazi kwamba raha yake kubwa maishani ilikuwa kazi hiyo. Tunamkumbuka mpinzani aliyeteswa, tunamsahau fundi aliyefurahia kughushi vizuri. Papers, Please inamrithi huyo wa pili. Utagundua kuwa mkono wako umekuwa mwepesi, unanasa kosa la herufi moja kwa kutupa jicho, na unajisikia hodari. Riwaya inaweza kukueleza raha hiyo. Gemu inakupa uionje kabla hujajua ni ya nini.

Metro 2033 nayo ina lake. Dmitry Glukhovsky aliiweka riwaya yake kwenye intaneti mwaka 2002, na gemu ikafuata 2010. Katika mahandaki ya Moscow risasi nzuri ndizo pesa, hivyo ukifyatua ovyo unachoma mfuko wako. Na mwisho mwema ambao riwaya ilimnyima mhusika wake mkuu, Artyom, unaweza kupatikana, iwapo njiani ulisimama kusikiliza watu na kumpa ombaomba chochote. Hesabu hiyo inafichwa na huambiwi ipo. Linganisha na zile 40 za Rapture.

Hoja ya wakosoaji isiyojibika kirahisi ni moja: mchezaji anaweza kurudi nyuma. Winston hana pa kurudi, sisi tunapakia faili la jana na kuchagua upya. Mimi mwenyewe niliirudia siku ya tano, safari hii nikiwa nazijua tarehe, nikamruhusu mke apite kwa onyo la bure. Kwa muda nilijisikia mtu mwema, mpaka nilipoona ninachofanya: nimechukua kumbukumbu ya jana na kuiandika upya ilingane na ninavyotaka kuonekana leo. Wizarani wangenisifu.

Ila Pope hakuifuta ile ya kwanza. Ukifungua ukurasa wa kuendeleza mchezo, siku zako zimepangwa kama matawi, na tawi ulilolikimbia bado liko palepale, siku ya tano, likisubiri siku ya sita.